Rangi Huja Mwisho

Fundi alipofika nyumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga, hakuja na ndoo wala brashi. Alikuja na daftari, futi kamba, tochi, na skrepa moja iliyochakaa mpini. Alimwamkia mama, akavua viatu, akauendea ukuta wa sebule na kuupapasa kwa kiganja kizima, polepole, kutoka usawa wa bega hadi kiunoni, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akageuza kiganja. Kilikuwa cheupe kwa vumbi.

"Mama, rangi hii imekufa," alisema. "Nikipaka mpya juu yake, itashika vumbi hili. Ukuta haitaushika."

Siku hiyo nzima hakupaka kitu. Aligonga kuta kwa mpini wa skrepa, sikio karibu, akitafuta mahali panapolia kama mtungi mtupu, maana hapo lipu imeachana na tofali. Alikwaruza pembe za madirisha. Chini ya dirisha la uani alibandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne, akatuomba tusikiguse hadi asubuhi. Kulipokucha, upande wa nailoni uliogusa ukuta ulikuwa na matone ya maji. Akaandika daftarini: "Uani, chini ya dirisha. Unyevu. Kwanza bomba." Na kweli bomba lililopita nyuma ya ukuta huo lilikuwa likivuja tone kwa tone, na sisi tulikuwa tumeishi nalo tukidhani ni doa la mvua.

Mtaani tuna namna ya kuitaja kazi hii. "Ah, kupaka rangi tu." Mwashi tunamheshimu, fundi umeme tunamwogopa, fundi bomba tunambembeleza. Fundi rangi tunampa hilo "tu". Mimi mwenyewe nimelitamka mara nyingi, na leo nataka kulifuta, kwa sababu nilikaa wiki tatu nikimtazama mtu akiifanya kazi hiyo inavyotakiwa.

Nilikuwa na sababu ya kukaa nikatazama. Mwaka uliotangulia, kaka yangu aliongeza chumba cha matofali ya saruji nyuma ya nyumba. Lipu ilikwisha katikati ya Novemba, na mwanawe alikuwa anaoa mwanzoni mwa Desemba. Fundi tuliyempata wakati huo, ambaye sitamtaja, alipiga rangi ya mafuta siku ya tisa baada ya lipu. Siku ya harusi kuta zilimeremeta hata wageni wakaziulizia. Ilipofika Februari zilikuwa zimeota malengelenge, na ukibonyeza kwa kidole zinanata kama gundi iliyogoma kukauka. Tukalaumu rangi. Tukalaumu duka. Joto la Tanga nalo tulililaumu.

Fundi wetu wa sasa alipokiona chumba hicho alimgeukia mama, akamuuliza swali la jikoni. "Mama, mafuta ya nazi ukiyakorogea kostiki, unapata nini?"

"Sabuni."

"Basi ndicho kilichotokea hapa."

Sijasikia kemia ikifundishwa vizuri zaidi ya hapo. Lipu mbichi ya saruji ina ukali mwingi wa alikali, na ukali huo ukikutana na mafuta yaliyo ndani ya rangi huyageuza sabuni, pale pale ukutani. Rangi hulainika, hubadilika sura, hubanduka. Dawa yake ni subira. Lipu mpya hupewa kama siku 28 ikauke na kupoa, kisha hupigwa praima inayostahimili alikali, ndipo rangi ifuate. Siku 28 ni nyingi kwa mtu mwenye harusi. Lakini ukuta haujui habari ya harusi, na fundi anayekubali kuusukuma anakubali kulipwa kwa kazi anayojua itaharibika.

Upande wa mbele wa nyumba ulileta mjadala wa aina nyingine. Sebule na vyumba vya ndani vilijengwa upya kwa matofali, ila baraza na ukuta wake bado ni kazi ya babu, mawe na chokaa. Mama alitaka upigwe rangi ya kisasa ya nje, ile inayotangazwa kuwa inazuia maji, buluu ya bahari. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba amruhusu asifanye hivyo.

Hoja yake naamini kila mtu wa pwani aliyerithi nyumba ya zamani anapaswa kuisikia. Ukuta wa chokaa unapumua. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na mvuani, kisha unautoa jua likiwaka. Ukiuvika rangi nzito inayoziba, maji hayakosi njia ya kuingia, yanachokosa ni njia ya kutokea. Yanabaki ndani na chumvi yake, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache ya masika rangi inabambuka pamoja na lipu yenyewe. Wanaotunza nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu wanaijua hasara hii vizuri, ya saruji na rangi za kisasa kurundikwa juu ya kuta za mawe ya matumbawe.

Na chokaa ni jambo letu. Wazee wa pwani walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakayazima kwa maji, wakayaacha yakae muda mrefu, wakajengea na kupakia. Kilwa Kisiwani kuta za namna hiyo bado zimesimama. Tanga yenyewe imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni kazi ya maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kinategemea mawe ya jamii hiyohiyo. Ukipaka chokaa ukutani, inaingia ndani ya ukuta, inavuta hewa ya ukaa, na pole pole inarudi kuwa jiwe.

Mama alikubali, kwa sharti kuwa weupe uwe weupe kweli. Basi fundi akachuja chokaa mara mbili kwa kitambaa, akaizimua hadi ikawa nyepesi kama maziwa, akafunga buluu kidogo ya kufulia ndani ya kitambaa kingine na kuichovya hadi weupe ukapoa. Vijana wake wawili walivaa miwani, kwa sababu tone moja la chokaa jichoni linaunguza vibaya. Ukuta ulinyunyiziwa maji kwanza. Mkono wa kwanza ulipopita, mama aliguna, kwa kuwa chokaa mbichi haionekani, ukuta ulibaki na madoa yake yote. "Subiri ikauke, mama," fundi alimwambia. Kesho yake weupe ulikuwa umeanza kujitokeza wenyewe. Walipiga mikono mitano, mmoja kwa siku.

Wakati baraza inakauka, ndani ilikuwa kazi ya msasa.

Neno msasa lilikuwa la mti kabla halijawa la karatasi. Ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo maseremala wa zamani walisugulia mbao. Kazi ya msasa ndiyo inayokula muda mwingi katika rangi, na hakuna mteja anayeisifu kwa sababu ikikamilika haionekani. Kwanza walikwangua kila kilichokuwa tayari kubanduka. Nyufa walizipanua kidogo kwa ncha ya skrepa, jambo lililonishangaza, hadi nikaelezwa kwamba ufa mwembamba haushiki kiraka; lazima uupe mdomo ili ule. Kisha ikaja skimingi, uji mweupe wa kulainishia ukuta, mkono mmoja, ukakauka, ukasuguliwa. Mkono wa pili, ukakauka, ukasuguliwa tena, kwa msasa namba 120 halafu namba 220. Vijana waliziba pua na midomo. Nyumba nzima ilikuwa ukungu, na mama alihamia kwa jirani mchana.

Magharibi ilipoingia ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Fundi alizima taa ya sebule. Akawasha tochi, akaibandika ubavuni mwa ukuta ili mwanga wake uupapase ukuta kwa upande. Ukuta ambao mchana niliuona laini kama yai ukageuka nchi nzima, ukawa na vilima, mabonde na mistari ya skrepa. Kila kijinundu kilitupa kivuli. Fundi alitembea na tochi hatua kwa hatua, penseli mkono wa kulia, akizungushia duara kila kasoro. Alizungushia madoa kama arobaini kwenye ukuta mmoja. Kijana mdogo alihema kwa uchovu. "Leo unaziona kwa tochi," fundi alimwambia. "Siku rangi yenye mng'ao ikikauka, mwenye nyumba ataziona kwa jua la saa kumi, kila siku, miaka saba." Wakazirudia zote.

Hapo nilielewa kwamba rangi haifichi kitu. Tunaponunua ndoo tunadhani tunanunua kifuniko, kumbe rangi, hasa yenye mng'ao, inakuza makosa ya chini yake.

Ustadi wa mkono bila hesabu humfilisi fundi, na hesabu ya huyu bwana ilinivutia kama mkono wake. Wengi hukadiria kwa macho: fundi husimama mlangoni, hutazama huku na huku, hutaja bei. Yeye alipima. Sebule ina mita 5 kwa 4, kimo mita 3. Mzunguko wa kuta ni mita 18, mara 3 ni mita 54 za mraba. Alitoa milango miwili na madirisha mawili, zikabaki kama 46. Mikono miwili, 92. Lita moja ya rangi nzuri ya maji juu ya ukuta laini huenea kama mita 10 za mraba, kwa hiyo lita 9 na ushei. Galoni mbili za lita 4 hazitoshi. "Tutanunua tatu," alisema, "na inayobaki ni mali ya nyumba, si ya fundi."

Karatasi aliyotupa ilitenganisha vifaa na ufundi. Vifaa tulienda kununua naye dukani, risiti ikaandikwa jina la mama. Aliorodhesha pia yale ambayo hatayafanya, yaani bomba, umeme na kitasa kibovu cha mlango wa nyuma, na akasisitiza kazi hizo zikamilike kabla yeye hajaanza. Malipo ya ufundi yaligawanywa mara tatu: ya kuanzia, ya baada ya praima, na ya mwisho baada ya mama kuzunguka nyumba nzima mchana, jua likiwa juu. Hakutaka pesa yote siku ya kwanza. Alisema pesa nzima mkononi mwa fundi kabla ya kazi haimsaidii fundi wala mwenye nyumba.

Nilimuuliza kwa nini anaandika mno. Alinijibu jambo ambalo nadhani ndilo linalomtesa kila fundi rangi. Rangi huja mwisho. Msingi umeshakula pesa, bati limekula pesa, madirisha yamekula zaidi, na fundi rangi anapoitwa, mwenye nyumba ameishiwa fedha na subira pia. Anapewa siku chache na bajeti iliyobaki, kisha anatarajiwa kufunika makosa ya wote waliomtangulia. Akimaliza, anakuja fundi umeme aliyesahau swichi, anachimba ukuta, na doa linabaki kwa jina la fundi rangi. Karatasi ndiyo kinga yake pekee.

Ushindani nao si wa haki. Kulikuwa na mtu aliyetuahidi kazi hiyo kwa bei ya chini sana. Bei hiyo inapatikana kwa njia mbili rahisi: kuacha praima, na kuongeza maji kwenye rangi kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Siku ya kukabidhi, jicho la mteja haliwezi kutofautisha. Tofauti inakuja baada ya mwaka, na wakati huo simu haipokelewi. Sisi wateja tunaishiriki dhambi hii, kwa sababu swali letu la kwanza huwa "bei ya mwisho ngapi?" na hatuulizi kabisa ni mikono mingapi, juu ya nini.

Kwenye milango nilimwona akikasirika, mara moja tu. Kijana mkubwa alianza kusugua fremu ya zamani kwa msasa mkavu, vumbi likaruka, na wajukuu wa mama walikuwa wakicheza karibu. Fundi alimshika mkono. Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Si habari mpya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1921 wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani, kwa sababu wa kwanza kuugua walikuwa mafundi wenyewe. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Watoto wakapelekwa kwa jirani, msasa ukaloweshwa maji, vumbi likatoka kama tope, likafutwa kwa kitambaa na kutupwa. Milango ikaendelea.

Siku ya rangi yenyewe ilipofika, karibu nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo tuliyokuwa tunaingoja. Fundi alizimimina galoni zote tatu kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga taratibu hadi chini, kwa sababu kopo na kopo, hata la namba ileile ya rangi, laweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikiangukia katikati ya ukuta hairekebishiki. Kisha akachukua brashi ya inchi tatu. Aliichovya theluthi tu ya manyoya, akaigonga pande mbili ndani ya ndoo bila kuifuta ukingoni. Akapanda ngazi, akaanza pale ukuta unapokutana na dari.

Hakubandika tepu. Aliiweka brashi chini kidogo ya pembe, akaisukuma juu hadi manyoya yakafunguka kama kipepeo, kisha akaivuta kuelekea kwake kwa pumzi moja iliyozuiliwa. Nyuma ya brashi ulibaki mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi, urefu wa mkono. Akapumua. Akachovya tena. Vijana walimfuata kwa rola kabla ukingo haujakauka, wakiviringisha kwa kukatiza huku na huku kisha wakamalizia kwa kushusha, mkono mwepesi, upande mmoja. Ukingo ukikauka kabla rola haijafika, alama ya mkutano hubaki daima. Kwa hiyo watu watatu walikwenda kama watu wanaotwanga kinu kimoja: hakuna aliyemwita mwenzake, hakuna aliyechelewa. Sebule ilipigwa mkono wa kwanza kabla ya adhuhuri.

Kijana mkubwa alisomea upakaji rangi na uandishi wa mabango VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mdogo amejifunzia kazini, na fundi anamhimiza aende akapimwe huko huko ili ujuzi wake urasimishwe naye apate cheti. Jumamosi niliona malipo yanavyotolewa. Vijana kwanza, pesa kamili, wakasaini daftarini. Kisha akatoa ya brashi na rola za kazi inayofuata. Kilichobaki ndicho alichotia mfukoni mwake, na haikuwa nyingi.

Jioni kila siku aliosha brashi zake mwenyewe, kazi ambayo angeweza kumwachia mdogo. Za rangi ya maji kwa maji na sabuni hadi maji yatoke meupe, za mafuta kwa tapentaini. Alizichana manyoya kwa vidole, akazifunga kwa kitambaa zilale zimenyooka. Ile ya inchi tatu anayo kwa miaka mingi kuliko alivyoweza kukumbuka.

Walimaliza mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Mama alizunguka nyumba mchana kama ilivyoandikwa, akaonyesha sehemu mbili, zikarudiwa, akalipa. Fundi alimkabidhi kopo la rangi iliyobaki, kifuniko kimefungwa imara, na juu yake ameandika kwa penseli: sebule, mikono miwili, mwezi na mwaka. Chumba cha kaka kilikwanguliwa chote hadi kwenye lipu, kikaanza upya.

Masika ya mwaka huo yalikuja na mvua nzito. Mwezi wa Juni fundi alipiga hodi bila kuitwa. Alimwamkia mama, akavua viatu, akaupapasa ukuta wa sebule, akatazama kiganja. Alikwenda uani, akaangalia chini ya dirisha. Alitoka barazani, akausogelea ukuta wa babu, akautazama kwa muda. Kabati lilikuwa limechuna ukuta mahali pamoja. Akaomba kopo, akagusa hapo kwa brashi ndogo, akanywa chai, akakataa pesa.

Nyumba ya mama sitaikabidhi kwa mkono mwingine. Nawe unayejenga, usimwite fundi rangi siku pesa na muda vimekwisha. Mwite lipu ikiwa bado mbichi, umuulize ni lini aanze.